Nani Kamtuma Simba?

Maneno haya niliyasema jioni, barazani Mikindani, mbele ya wasomaji wenzangu, wazee wetu, na wanafunzi waliokuja na mikeka yao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu hamjambo. Na nyie wanafunzi, nawashukuru kwa namna ya pekee, maana maji yamekupwa, uwanja wenu wa mpira kule ufukweni uko wazi, na bado mmekuja kukaa hapa.

Wengi wenu mnanifahamu kwa mizani. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho. Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi napima magunia, naandika stakabadhi, nagonga mhuri, usiku nalala na vumbi puani. Msimu ukifungwa ghala linabaki tupu na karani hana cha kuandika. Mwaka jana niliamua miezi hiyo niisomee, tena nisome aina mbili tu za vitabu: riwaya za upelelezi na hadithi za ajabu. Nimesoma vitabu 31. Vya upelelezi 19, vya ajabu 12. Wenyeji wa kikao hiki wameniomba nieleze nilichokipata humo.

Aliyenichagulia aina hizo ni mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu. Huku kwetu hakuna haja ya kueleza mjomba ni nani kwa mpwa wake. Alikuwa dereva wa lori, Mtwara na Dar es Salaam, enzi ambazo Daraja la Mkapa halijajengwa. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika malori yalipanga foleni siku nyingi, dereva analala chini ya lori lake na kula atakachokikuta. Mjomba alisubiri akisoma. Vitabu alinunua vya mitumba, vilivyotandazwa chini Kariakoo, akavimalizia matopeni. Alipofariki, wapwa wengine walipata mikorosho. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimsomea barua zake macho yalipofifia, nilipewa sanduku la bati lenye vitabu.

Nililiweka uvunguni miaka mingi. Siku nilipolifungua nikakuta kwamba mjomba alikuwa akiandika pembezoni mwa kurasa kwa penseli. Anaandika mahali alipo, siku ya ngapi ya foleni, na jina la anayemshuku. "Ndundu, siku ya pili. Namshuku mke wa marehemu." Kurasa thelathini mbele, jina limekatwa kwa mstari. "Siku ya tatu. Siyo mke. Ni mwenye duka." Na mwenye duka naye akakatwa. Kitabu kimoja kina majina matano, manne yamekatwa, na la tano limewekewa alama ya vema, kama daftari la shule.

Mistari ile ya penseli ndiyo iliyoniongoza mwaka mzima, na ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, kikatoka kitabu mwaka 1960, na kwa Kiswahili ndicho kinachohesabiwa kuwa kilifungua njia ya riwaya za upelelezi. Kilichonifurahisha kuliko tuzo ni kujua kwamba mwandishi huyu aliwahi kuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Baba wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vyake, alikuwa anakaa ofisini anahariri habari za mashamba! Wakulima wenzangu, mtu huyo ni wetu.

Katika kisa hicho mwenye shamba anauawa, na maiti inakutwa kwenye mzimu. Watu wa pale wana jibu tayari, hawahitaji polisi: si mmeona alipokutwa? Anakuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, naye hana haraka. Anauliza nani alikuwa wapi. Anatazama nani anafaidika. Anasikiliza nani anasema jambo ambalo hakupaswa kulijua. Wengine wanatazama mzimu, yeye anatazama watu.

Nikakifunga kitabu. Usiku ule sikuweza kuendelea, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka bibi mdogo.

Mimi nimelelewa Lindi vijijini. Wa rika langu wanaikumbuka ile miaka ya simba, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sitii chumvi. Mwaka 2005 watafiti, akiwemo Craig Packer na Mtanzania mwenzetu Dennis Ikanda, walichapisha hesabu yao: tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 Tanzania, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea huku kusini mashariki, Lindi tukiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Sisi watoto hatukuhitaji hesabu. Jua likianza kushuka tunaitwa ndani. Chooni tunakwenda watu watatu na kijinga cha moto.

Na kijiji kizima kilijua kwamba wale si simba wa porini. Ni simba wa kutumwa. Simba wa Mungu, walisema, anakula swala; huyu anayempita mbuzi akamchukua mtoto, huyu anayejua nyumba ya kuingia, ana mwenyewe.

Jirani yetu alipoteza mtoto wake wa kiume. Walikuwa shambani wakilinda mahindi, wamelala kwenye kibanda cha nyasi. Wiki chache nyuma jirani huyo alikuwa amegombana na mdogo wake bibi yangu, tuliyekuwa tukimwita bibi mdogo, kwa ajili ya mpaka wa shamba la muhogo. Basi. Ushahidi ulianzia hapo na ukaishia hapo. Bibi mdogo alikuwa mjane, anaishi peke yake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Watu wakaanza kutomwitikia salamu. Kisha mtu akaweka mavi ya kuku mlangoni kwake. Kisha vijana wakaonekana wanazunguka nyumba na mapanga. Usiku mmoja kaka yake alimpakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, akapanda gari la Masasi. Hakurudi tena. Alifia huko, na kanga zake tuliletewa kwenye mfuko wa rambo.

Sasa sikilizeni upelelezi, maana ulifanyika, ila uliwafikia watu umechelewa, baada ya bibi mdogo kwisha kuzikwa. Nilipomaliza kitabu cha Bwana Msa nilimtafuta afisa wanyamapori mmoja, nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza zamani: kwa nini simba wale walikula watu? Akanirudishia maswali kama ya Bwana Msa kabisa. Walikufa miezi gani? Wengi, mwezi wa tatu mpaka wa tano. Kuna nini miezi hiyo? Mavuno. Watu wanalala wapi? Shambani. Wanalinda nini? Wanalinda mazao na nguruwe pori.

Nguruwe pori. Huyo ndiye aliyewaleta. Nguruwe anafuata mahindi na muhogo, simba anamfuata nguruwe, na katikati yao amelala mtu kwenye kibanda kisicho na mlango. Kule ambako swala na nyumbu wameshakwisha, nguruwe ndiye mlo uliobaki, na nguruwe anashinda mashambani kwetu. Ndicho walichokikuta wale watafiti: pale nguruwe walipokuwa wengi ndipo watu walipoliwa.

Nilipoyasikia hayo nilikaa kwenye benchi la ofisi ya watu nikashindwa kunyanyuka. Kila mmoja wetu kijijini alikuwa na kila kidokezo mkononi. Tulijua miezi. Tulijua vibanda. Nguruwe tulikuwa tunawapigia madebe usiku kucha! Hatukukosa habari hata moja. Tulikosa mtu wa kuchukua penseli akaandika "namshuku bibi mdogo", na kesho yake, baada ya kufikiri, akaweza kulikata jina hilo bila kuona aibu.

Kukata jina. Hicho ndicho ninachokithamini katika riwaya ya upelelezi kuliko risasi zote na magari yote yanayokimbizana. Msomaji analazimika kushuku, halafu analazimika kukiri kwamba alikosea, mara tatu, mara nne, katika kitabu kimoja. Mjomba alijifunza hilo Ndundu. Sijui darasa jingine linalomfundisha mtu mzima kukosea namna hiyo akiwa peke yake, bila kuchekwa na mtu.

Na kazini limenifaa. Msimu uliopita gunia moja lilirudishwa kutoka ghala kuu, chini limejaa mchanga. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa na mkosaji: kijana mmoja mbeba mizigo, mgeni, asiye na ndugu pale. Nikaomba nilione gunia. Sisi pale magunia yetu tunashona kwa uzi wa katani. Lile lilishonwa kwa uzi wa nailoni, na pembeni ya ushono mpya palikuwa na matundu ya shazia yaliyobaki wazi, safu nzima, mahali ulipokuwa uzi wa kwanza. Maana yake lilifunguliwa baada ya kutoka kwetu. Kijana akaachiwa, akarudi kubeba. Aliyetia mchanga hajapatikana hadi leo. Maisha hayana sura ya mwisho ambayo watu wote wanakusanywa sebuleni. Lakini kijana yule anasalimia, anaitikiwa.

Vingine nitavipita upesi. Elvis Musiba na Kufa na Kupona yake ya mwaka 1974, ambamo jasusi Willy Gamba anafukuzana na walioiba siri za wapigania uhuru, niliisoma kwa macho ya mtu wa kusini. Siri zile hazikuwa hadithi tu. Nachingwea, kwenye Shamba namba 17, lililoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa baada ya miaka michache, ndipo walipokuwa wakifunzwa wapiganaji wa FRELIMO. Wanajeshi wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji wamelala Naliendele, mnapapita kila mkienda Newala. Kwa hiyo mtu anapouliwa kitabuni kwa ajili ya karatasi za ukombozi, mimi nahisi ni jambo la nyumbani. Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango pia nimemsoma mpaka kurasa zikachomoka.

Ila nina kinyongo na riwaya hizi za majasusi, na nitakisema. Mwanamke humo akiingia, ameingia kwa miguu yake na kiuno chake. Akili yake, ikiwepo, ni ya usaliti. Mara nyingine nilisoma mpaka hapo nikaweka kitabu chini nikaenda kuteka maji. Huku kwetu mwanamke ndiye anayejua deni la nani liko wapi, nani kauza korosho kabla hazijakomaa, mtoto wa nani anafanana na nani. Angekuwa mpelelezi wa kuogopwa.

Sasa hadithi za ajabu. Niseme ukweli, baada ya jambo la simba nilizichukia. Nilijiambia, hayo majini na mazimwi ndiyo yaliyomfukuza bibi mdogo. Kuyasoma ni kuyalisha. Katika sanduku la mjomba kilikuwemo kimoja tu cha aina hiyo, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, nami nikakiacha mpaka mwezi wa sita.

Mnakijua wengi, kilisomwa shuleni. Lakini kisomeni tena mkiwa watu wazima. Kinaanza kama upelelezi mtupu. Mjumbe wa mfalme ametumwa Janibu kufuata kodi, analala kwa liwali wa huko, Adili, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu. Usiku mjumbe anamwona mwema huyo anawachapa mijeledi manyani wawili waliofungwa. Kwa nini? Mfalme anataka kujua, Adili anaitwa aeleze, naye anaeleza. Wale manyani ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtendea ubaya, na jini Huria amewageuza na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Anawachapa huku moyo unamuuma.

Riwaya ya upelelezi inakoma jina likishapatikana. Ni fulani, mkamateni, kitabu kimekwisha. Shaaban Robert anaanzia pale pale. Jina tunalo, kosa tunalijua, waliotenda wako mbele yetu wamefungwa minyororo. Haya, mtawachapa mpaka lini? Swali hilo Bwana Msa hana pa kuliweka. Ilibidi liletwe na jini.

Nikaanza kuelewa kitu ambacho nimekizungusha kichwani tangu siku hiyo. Jirani yetu aliyepoteza mtoto hakuwa mjinga wala katili. Alikuwa na hofu na uchungu mkubwa kupita kifua chake, na vitu viwili hivyo vinatafuta umbo. Kijiji kilimpa umbo moja tu: mwanamke mzee wa nyumba ya pili. Hadithi ya ajabu iliyo nzuri inampa mtu umbo jingine. Inampa zimwi lisilo na jina la jirani. Unaliogopa, unalia nalo, unalishinda au linakushinda, ukifunga kitabu hakuna nyumba ya mtu iliyochomwa. Babu zetu walilijua hilo. Ndiyo maana hadithi zao zilikuwa na zimwi la mwituni, na ziliambiwa usiku, watu wameuzunguka moto pamoja.

Mwalimu mmoja wa Kiingereza aliniazima kitabu cha Ursula K. Le Guin, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1968. Nilikisoma miezi miwili nikiwa na kamusi pembeni, na sijutii hata siku moja. Ni kisa cha kijana wa visiwani, mchunga mbuzi, asiye na mama, ambaye dada wa marehemu mama yake anamfundisha maneno ya kwanza ya uchawi. Ngozi yake ni nyekundu ya udongo, na rafiki yake wa kweli ni mweusi kama sisi. Bahari ndiyo barabara yao. Wanakijiji wake wanajua upepo, tanga, na samaki wa msimu upi. Nyie watu wa Mikindani mngekisoma bila kamusi ya mambo ya bahari.

Akitimiza miaka kumi na mitatu, anavuliwa jina la utoto, anavuka maji baridi akiwa uchi, na ng'ambo ya pili mzee anamnong'oneza jina lake la kweli. Wavulana mliotoka jandoni, mnatazamana, nawaona. Mnajua jina linavyoachwa porini na mtu anavyorudi na jingine. Nilisoma ukurasa ule mara tano. Mwanamke wa ng'ambo ya bahari, ambaye sidhani aliwahi kuonja ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ameandika jando la visiwa vya kubuni, na mimi mpwa wa dereva wa Mtwara nikalitambua! Kisha kijana yule, kwa majivuno ya ujana, anafungulia kivuli kinachomwandama dunia nzima. Kila mtu angetaka kujua kivuli hicho ni cha nani, kimetumwa na nani. Sitawaambia. Ila niliposoma jibu nilimfikiria tena bibi mdogo, na kijiji chetu, na mapanga yale.

Wapo watakaosema hadithi za ajabu ni za Wazungu wenye mazimwi ya theluji. Tazameni mlipokaa. Karl Weule, Mjerumani aliyepita nyanda hizi mwaka 1906, aliandika masimulizi ya Wamakonde kuhusu asili yao. Kiumbe mmoja ambaye hajawa mtu aliishi peke yake nyikani, haogi, hanyoi. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha karibu yake. Usiku ukapita; asubuhi sanamu ni mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, mtoto wao akazaliwa mfu. Wakaenda bonde la Mbemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda juu, upande wa Mahuta, wa tatu akaishi. Ndiyo maana Mmakonde anakaa juu, mbali na maji, na mama zetu wa Newala wakatembea vizazi na vizazi kufuata ndoo moja. Niambieni mwandishi gani ameanza kitabu kwa uzuri kama huo: watu wote wa nyanda wametokana na kinyago. Nusu karne baadaye, miaka ya 1950, Samaki Likankoa akaanza kuchonga mashetani kwa mpingo, jicho moja, mdomo ubavuni, na dunia ikaja kununua. Yule hakusubiri aambiwe kama fantasia inaruhusiwa Afrika.

Na mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, kule Lindi, ile wanayoiita dinosaria? Kati ya 1909 na 1913 wazee wetu waliichimbua mifupa yake wakaibeba vichwani mpaka baharini. Mjusi mmoja yuko Berlin amesimamishwa, urefu wake juu unapita mita 13. Zimwi lenyewe tulikuwa nalo. Hilo lina hadithi ya ajabu na kesi ya upelelezi kwa pamoja, maana mzigo ulipakiwa melini kwa idhini ya nani?

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninasifu maajabu yote. Ngarambe, mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale alitoa maji ya kugeuza risasi, na watu wakayaendea mabunduki ya Wajerumani. Neno la ajabu liliwaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kukaa pamoja, na neno hilo hilo likawaacha wengi chini. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, vita ikaendelea bila yeye mpaka 1907. Hadithi iliyotoka kitabuni ikaingia barabarani ina nguvu ambayo mwenyewe haishiki tena. Ndiyo maana nasema tuzisome zote mbili. Mwenye kusoma maajabu tu ataogopa. Mwenye kusoma upelelezi tu, na mimi nilikuwa naelekea huko, ataanza kuwadharau wanaoogopa.

Mwezi wa nane nilikwenda kijijini. Yule jirani bado yu hai, mama mtu mzima sasa. Nilimpigia shikamoo, nikaketi, akaniletea ming'oko na chumvi na pilipili. Tulikula kimya. Kisha nikamweleza habari za miezi, vibanda, na nguruwe, polepole, nikiogopa kumtonesha. Hakunikatiza. Aliposema, alisema, "Nguruwe tulikuwa tunawasikia kila usiku." Akakaa sana. Halafu, "Sasa yule mdogo wa bibi yako mimi nitamwambia nini?"

Sikuwa na jibu, na sikwenda kumchapa. Nilimwomba nimsomee kitabu. Nilikuwa nacho Adili mkobani. Tulifika mpaka pale manyani wanapoletwa mbele ya mfalme, giza likaingia. Tutaendelea nikirudi.

Limebaki ombi, kisha nakaa. Katika vitabu nilivyosoma mimi, kusini tukitajwa ni mahali anapotoka mganga, au mahali mtumishi anapohamishiwa akikosea. Sijapata mpelelezi wa kwetu. Hebu fikirini: mtu ameuawa mkesha wa mnada wa korosho. Kila mtu anamtaja mganga. Lakini marehemu alikuwa mnunuzi wa kangomba, amefunga korosho za nusu ya kijiji kwa kipimo cha bakuli tangu zikiwa maua, na daftari lake la madeni halionekani. Mpelelezi ni mama muuza uji pale ghalani, kila mtu anasema mbele yake kama vile hayupo. Wanafunzi, siandiki mimi, mkono wangu umezoea stakabadhi. Ameketi humu mmoja wenu ambaye Kiswahili chake mwalimu alinionyesha nikashangaa. Hajijui bado, nami simtaji.

Ombi lenyewe ni hili. Sandukuni kimebaki kitabu kimoja, cha upelelezi, kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Sijui jina lake. Mjomba alikisoma siku nne za foleni. Pembezoni kuna majina matatu, mawili yamekatwa, la tatu halikukatwa wala halikuwekewa alama ya vema, na chini yake ameandika, "Pantoni limefika." Sitaki kulikata wala kuliwekea alama kabla sijajua. Nimekileta, kipo mezani hapo karibu na taa. Mkitoka, kifungueni kwa uangalifu, msome ukurasa mmoja mmoja. Anayekitambua aniambie jina la kitabu tu. Muuaji asinitajie.